Mtihani wa Kiingereza kwa Waombaji wa Uzamili na Uzamivu Ng'ambo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ifikapo Septemba simu yangu hujaa ujumbe wa watu wanaoomba vyuo vya nje, na wengi huuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Nimeyakusanya hapa majibu ninayowapa. Yanawafaa zaidi wahitimu wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wanaoomba Uingereza, Marekani, Kanada au vyuo vya Ulaya vinavyofundisha kwa Kiingereza. Ombi langu la kwanza ni hili: usilipie mtihani wowote kabla hujasoma masharti ya idara unayoiomba. Nimeona watu wakitoa mshahara wa mwezi mzima kulipia mtihani ambao chuo hakikuwa kinauhitaji, na jambo hilo huniuma.

Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi shahada. Mbona bado naambiwa nipimwe?

Una haki ya kuuliza. Kwa macho ya ofisi ya udahili, unatoka nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya darasani, si lugha ambayo watu wengi wamekua nayo nyumbani. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wa Kiingereza wanapoomba viza: Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Jamaika, Malta na nyingine chache. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Nigeria na Ghana nazo hazimo. Mtu aliyeandika na kutetea tasnifu yake yote kwa Kiingereza akiambiwa hivyo huumia, nami namwelewa.

Lakini usikate tamaa mapema, maana orodha hiyo haifungi mlango. Kwa masomo ya ngazi ya shahada na kuendelea, kanuni za viza za Uingereza zinavipa vyuo vikuu vinavyotambuliwa uwezo wa kupima vyenyewe Kiingereza cha mwombaji. Ndiyo maana kuna vyuo vinavyopokea alama ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, na vingine vinavyopokea shahada ya kwanza iliyofundishwa kwa Kiingereza bila kudai mtihani wowote.

Marekani haina kanuni moja ya taifa zima. Kila chuo kina yake, na ndani ya chuo kimoja idara ya uchumi inaweza kudai mtihani ambao idara ya historia imeusamehe. Soma kwanza ukurasa wa ofisi ya uzamili ya chuo, kisha wa idara. Tafuta neno "waiver" au "exemption". Hapo ndipo msamaha unapoelezwa. Usipouona, andika barua pepe fupi: umesoma chuo gani, miaka gani, masomo yote yalifundishwa kwa lugha gani, na unaomba kujua kama utasamehewa mtihani. Sentensi nne zinatosha. Jibu likija, lihifadhi, kwa sababu anayepitia maombi mwezi wa Januari huenda si yule aliyekujibu Septemba.

Barua ya kuthibitisha lugha ya kufundishia inapatikana wapi, na iandikweje?

Inatoka chuo ulichosoma, kwenye ofisi ya msajili au ya taaluma. Barua ya mhadhiri wako, hata akiwa profesa, kwa kawaida haitoshi, kwa kuwa anayetakiwa kuzungumza hapo ni chuo.

Barua inayofaa ina kichwa rasmi cha chuo, tarehe, jina lako kama lilivyo kwenye transkripti, namba ya usajili, jina la shahada, mwaka ulioanza na uliomaliza. Kisha iseme waziwazi kwamba masomo yote yalifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hapo kwenye "kutahiniwa" wengi hupasahau. Barua inayosema tu kwamba Kiingereza ni lugha rasmi ya chuo imerudishwa mara nyingi, kwa sababu haikusema ulifanya mitihani kwa lugha gani. Mwisho ziwepo saini, cheo cha aliyesaini, mhuri, na barua pepe ya ofisi, maana chuo cha nje kinaweza kuuliza kama kweli barua ilitoka huko. Anwani ya binafsi huleta mashaka.

Usingoje. Ukiwa unafuatilia transkripti, iombe na barua hii siku hiyohiyo. Yangu niliifuatilia wiki tano, nikipanda daladala kwenda kuambiwa "njoo Jumatatu", na tarehe ya mwisho ya maombi haikunisubiri. Aliye mkoani aombe kwa barua pepe na amwachie mtu anayeaminika kazi ya kufuatilia. Ukiipata, ipige skani iwe PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako haipendezi kwa mtu anayeamua juu ya ombi lako.

Shahada yangu ni ya Kiswahili, na tulifundishwa kwa Kiswahili. Nifanyeje?

Sema ukweli. Msajili hawezi kuandika kwamba masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza ilhali isimu na fasihi ulizisoma kwa Kiswahili. Anaweza kuandika ni masomo yapi yalikuwa kwa lugha ipi, na baadhi ya vyuo vitalipokea hilo. Hata hivyo, kwa wahitimu wa Kiswahili ushauri wangu ni kufanya mtihani. Mnatafutwa huko nje, Marekani na Ujerumani vipo vyuo vinavyofundisha lugha yetu, na cheti cha Kiingereza kinamaliza mjadala mapema.

Natoka Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi, nimesoma kwa Kifaransa. Kuna njia ya msamaha?

Mara chache sana. Burundi iliongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi mwaka 2014, lakini chuo cha nje huangalia lugha uliyosomea, hakiangalii sheria ya nchi. Panga kufanya mtihani, na utenge pia fedha za kutafsiri vyeti. Kwa Mnyarwanda inategemea miaka yake: nchi iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza shuleni, kwa hiyo aliyesoma zamani na aliyesoma juzi hawana ushahidi wa aina moja.

Mitihani ni mingi. Nifanye upi?

Fanya ule ambao vyuo vyote kwenye orodha yako vinaupokea. Ukishaandika vyuo vyako vitano au sita kwenye karatasi, mara nyingi jibu huonekana lenyewe.

IELTS inamilikiwa na British Council, IDP na Cambridge, na inapokelewa karibu kila mahali. Iko ya aina mbili; anayeomba chuo afanye IELTS Academic. Ile ya General Training ni ya wanaohamia nchi kwa kazi na makazi, na wapo waliolipia hiyo kwa kutosoma vizuri fomu. Alama zake ni 0 hadi 9. Kuzungumza unakutana na mtahini, mnaongea dakika 11 hadi 14.

TOEFL ni ya shirika la ETS la Marekani, ipo tangu 1964, na yote hufanywa kwa kompyuta, pamoja na kuzungumza kwenye maikrofoni. Hapa sikiliza kwa makini. Ilifupishwa Julai 2023 ikawa chini ya saa mbili, kisha tarehe 21 Januari 2026 ikabadilika tena: alama sasa ni 1 hadi 6, na kwa miaka miwili ya mpito zinaonyeshwa pia kwa kipimo cha zamani cha 120. Sehemu za kusoma na kusikiliza sasa hupanda au kushuka ugumu kufuatana na majibu yako. Kwa hiyo vitabu vya TOEFL vya miaka iliyopita, vinavyouzwa kwa bei poa kwenye meza za vitabu mjini, vinakuandaa kwa mtihani ambao haupo tena.

PTE Academic ya Pearson nayo ni ya kompyuta, alama 10 hadi 90, na matokeo huwahi. Duolingo English Test hufanyiwa nyumbani kwa muda wa saa moja hivi, alama 10 hadi 160, na ndiyo ya bei nafuu kuliko hizo nyingine. Udhaifu wake ni kwamba hata vyuo vinavyoipokea kwa shahada ya kwanza huenda visiipokee kwa uzamivu. Vyeti vya Cambridge vya C1 Advanced na C2 Proficiency havina tarehe ya kuisha, jambo zuri kwa anayepanga kusoma miaka mingi mbele, ila maandalizi yake ni marefu.

GRE, mtihani wa jumla ambao baadhi ya vyuo huwataka waombaji wa uzamili na uzamivu, si mtihani wa Kiingereza. Chuo kikitaka vyote viwili, kimoja hakifuti kingine.

Natakiwa kupata alama ngapi?

Kwa IELTS, kozi nyingi za uzamili hutaka 6.5 kwa jumla, na isiyopungua 6.0 kwa kila stadi. Sheria, uandishi wa habari na fani zinazoegemea uandishi huenda 7.0 au 7.5. Oxford ina viwango viwili: cha kawaida ni 7.0 na isiyopungua 6.5 kwa kila stadi, cha juu ni 7.5 na isiyopungua 7.0. Ofisi ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Toronto hutaka 7.0, na isiyopungua 6.5 kwa kila stadi.

Sehemu ya pili ya sharti ndiyo inayoangusha watu. Chukua mtu aliyepata kusikiliza 7.0, kusoma 6.0, kuandika 5.5, kuzungumza 6.5. Jumla ni 25, ukigawa kwa nne ni 6.25, na IELTS hupandisha 6.25 kuwa 6.5. Anasherehekea. Lakini kozi inataka 6.0 kwa kila stadi, na kuandika kumempa 5.5. Kwa hiyo hajafikia.

Anayeomba uzamivu Marekani kwa matumaini ya kulipwa kama msaidizi wa kufundisha asome mstari mmoja zaidi: vyuo vingi hudai alama ya kuzungumza iliyo juu kuliko ya udahili, kwa kuwa utasimama mbele ya wanafunzi. Unaweza kudahiliwa na ukakosa nafasi hiyo, na kwa wengi wetu nafasi hiyo ndiyo ada.

Nifanye mtihani lini?

Marekani, maombi mengi ya uzamivu hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, na alama hutakiwa ziwe zimefika. Fanya mwezi wa Septemba au Oktoba, ubaki na nafasi ya kurudia.

Uingereza ni tofauti, na watu hawalijui hili. Vyuo vingi huko hukupa kwanza udahili wenye masharti, kisha unaleta cheti cha Kiingereza baadaye. Kama fedha ni tatizo, omba kwanza na ungoje jibu. Ukikataliwa kwa sababu nyingine, angalau hujapoteza fedha za mtihani.

Alama za IELTS, TOEFL, PTE na Duolingo huishi miaka miwili tangu siku ya mtihani. Uliza kama chuo kinahesabu mpaka siku ya kuomba au mpaka siku ya kuanza masomo. Mtihani wa Machi 2025 unakwisha Machi 2027, na masomo ya Septemba mwaka huo hautayaona.

Nina ufadhili. Mfadhili naye ana mtihani wake?

Wengine wanao, wengine hawana. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, iliacha kudai cheti chake yenyewe; unachotakiwa ni kutimiza sharti la chuo. Soma masharti ya mfadhili na ya chuo kando kando, na fuata lililo gumu zaidi.

Gharama zake zikoje, na nalipaje bila kadi ya benki?

IELTS na TOEFL kwa kwetu ni takriban dola 200 na zaidi kidogo. Duolingo ni chini ya dola 100. Ongeza nauli na malazi kama unatoka Kigoma au Lindi kwenda Dar es Salaam, na ada ya pasipoti, ambayo Tanzania ni shilingi 150,000. Kadi ya kawaida ya benki hufaa ukishaomba benki ifungue malipo ya mtandaoni, na kadi ya kidijitali ya M-Pesa imewasaidia wengi. Jaribu na kiasi kidogo kwanza. Kumpa mtu baki akulipie kwa kadi yake ni hatari, maana anapata pia namba yako ya siri ya akaunti ya mtihani.

Kutuma alama nako kuna bei. Kabla ya mtihani TOEFL hukuruhusu kuchagua vyuo vinne bila malipo, na IELTS vitano. Ukiongeza baadaye unalipia. Duolingo na PTE hazitozi.

Jina langu kwenye pasipoti na kwenye vyeti havifanani. Ni tatizo?

Ni tatizo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sisi tunatumia jina letu, la baba na la babu. Cheti cha kidato cha nne kina mawili, cha chuo kina matatu, kitambulisho cha NIDA kimebadili herufi moja, na pasipoti imeyagawa kuwa majina ya kwanza na jina la ukoo. Mwanamke aliyeolewa akachukua jina la mume anaongeza safu nyingine.

Kwenye mtihani kanuni ni moja: jisajili kama ilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na jina la ukoo liende kwenye kisanduku chake. Msimamizi akiona tofauti mlangoni anaweza kukurudisha, na fedha hairudi. Vyeti vyako vya shule vitafuata baadaye kwa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Kama pasipoti yenyewe ina kosa, irekebishe kabla ya kujisajili. Usipange kufanya mtihani kwa jina bovu kisha ulirekebishe, maana karatasi ya matokeo haibadilishwi kirahisi.

Nifanyie nyumbani au kituoni?

Kama una kituo karibu, nenda kituoni. Mtihani wa nyumbani unataka kompyuta yenye kamera, chumba ambacho hakuna mtu atakayeingia, intaneti isiyokatika, na umeme. Nyumba zetu zina watu. Mtoto akifungua mlango kukuletea chai, mtihani unaweza kufutwa. Ukilazimika, kaa na jamaa zako siku moja kabla uwaeleze, tumia kompyuta mpakato yenye chaji kamili, na uwe na bando la simu la akiba. Headifoni zinakatazwa kwenye Duolingo.

Lafudhi yangu itanipunguzia alama?

Lafudhi yenyewe, hapana. Kinachopimwa ni kama unaeleweka bila msikilizaji kuhangaika. IELTS hupima kuzungumza kwa mambo manne yenye uzito sawa: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Wanaojibandika lafudhi ya Kimarekani huharibu, kwa sababu akili yote inakwenda kwenye ulimi na mawazo yanakatika. Zungumza kama unavyozungumza, taratibu. Mwenye kuchanganya "l" na "r" afanye mazoezi hayo, maana hapo maana ya neno hubadilika.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hukosea wapi hasa?

Swali hili nalipenda, kwa sababu makosa yetu yana mantiki, na ukiijua mantiki unayazuia.

La kwanza ni "he" na "she". Kiswahili kina "yeye" na kiambishi "a-", basi. Mtu anayejua Kiingereza vizuri kabisa atasema "my mother, he" akiwa na haraka, na haji kulisikia. Mwambie rafiki akurekodi ukisimulia habari za mama au dada yako kwa dakika tatu, kisha usikilize.

La pili ni "a" na "the", ambavyo hatuna. Tunaviacha, au tunavipachika kila mahali kwa woga.

La tatu ni wakati. Sisi husema "nimekuja jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakiruhusu hali hiyo timilifu ikae pamoja na "jana". Kwenye insha kosa hili hujirudia mara nane bila mwandishi kujua.

La nne ni mahali. "Niko nyumbani, natoka nyumbani, naenda nyumbani": "-ni" yetu inabeba yote. Kiingereza kinabadili neno kila mara.

La tano ni la kusikiliza, na ni la hila. Ukiulizwa "Hukula?" nawe hukula, unajibu "Ndiyo, sikula." Kwa Kiingereza jibu ni "No". Mazungumzo ya kusikiliza yana maswali ya namna hiyo, na mwanafunzi hodari huchagua jibu lililo kinyume.

Na "kuazima" kwetu ni kutoa na kupokea. Kwao ni maneno mawili.

Mbali na lugha, kuna vidole. Wengi wetu tumeandika kwa kalamu mpaka chuo kikuu, na kwenye simu kwa dole gumba. IELTS inadai insha ya maneno 250 na nyingine ya 150 ndani ya saa moja. Aliyezoea kibodi anapata dakika za kusahihisha. Asiyezoea anakatishwa katikati ya aya. Nusu saa ya kuchapa kila siku kwa miezi miwili italeta alama zaidi kuliko kukariri orodha za maneno magumu. Na anza na ile ya maneno 250, kwa kuwa uzito wake ni mara mbili ya nyingine.

Nimepungukiwa nusu alama. Nirudie yote?

Si lazima. IELTS ya kompyuta, kwenye vituo vinavyotoa huduma hiyo, inaruhusu kurudia stadi moja ndani ya siku 60. Kwanza hakikisha chuo chako kinakubali. TOEFL huonyesha pia alama zako bora za kila sehemu kutoka mitihani ya miaka miwili, na baadhi ya vyuo huzitumia. Kama unaamini umesahihishwa vibaya, IELTS inakupa wiki sita kuomba usahihisho upya, na ada hurudishwa alama ikibadilika. Kuandika na kuzungumza ndiko hubadilika, kwani huko mtu ndiye anayepima.

Au andikia chuo. Vipo vyenye kozi ya Kiingereza ya wiki kadhaa kabla ya masomo kuanza, kwa aliyepungukiwa kidogo.

Kuna mtu Telegram anauza cheti cha IELTS bila mtihani. Ni kweli?

Ni wizi, na anayeibiwa ni wewe. Chuo hakiamini karatasi uliyopakia. Kinaingia kwenye mfumo wa wenye mtihani na kutazama alama zenyewe. Cheti cha kununua hakina kitu nyuma yake. Uingereza ikikuta udanganyifu kwenye ombi la viza inaweza kukufungia miaka 10.

Mwaka 2014, udanganyifu ulipofichuliwa kwenye vituo vya TOEIC, mtihani mwingine wa Kiingereza wa ETS, nchini Uingereza, serikali ilifuta au kukataa viza zaidi ya 30,000. Miongoni mwao walikuwemo wanafunzi waliofanya mtihani kwa jasho lao, ikawachukua miaka mahakamani kusafisha majina. Anayekuuzia cheti anawatia shakani hata wenzako walio safi.

Siku ya mtihani nibebe nini?

Pasipoti uliyojisajilia, ile ile, si nakala yake. Fika saa moja kabla. Simu na saa ya mkononi vitabaki nje. Chukua sweta, vyumba vya kompyuta vina kiyoyozi kikali, na usiku wa kuamkia siku hiyo sikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza kwa dakika ishirini kisha ulale.